Kioo cha Mbele: Tarikhi ya Mkwaruzo na Tiba Yake

Katika siku za mwisho za mwezi wa Machi 1954, wenye magari wa Bellingham, mji wa pwani ulioko kaskazini ya jimbo la Washington nchini Marekani, walianza kwenda polisi kushitaki kuwa vioo vya mbele vya magari yao vimetiwa vijitundu na kuchubuliwa na mikono isiyojulikana. Polisi, kama ilivyo ada yao, waliwatuhumu vijana watundu wenye bunduki za upepo. Lakini vijana hao hawakuonekana, na mashitaka yakateremka kusini mji baada ya mji, hata katikati ya Aprili yakafika Anacortes, ambako barabara zilifungwa ili wahalifu wanaswe, na kutoka huko yakaingia kisiwa cha Whidbey, ambako askari wa kambi ya ndege za jeshi la majini waliupekua uwanja wao wote wasipate mtu wala kitu. Jioni ya tarehe 14 habari ilikwisha kuingia Seattle. Kati ya siku hiyo na ya pili yake watu 242 walipiga simu kwa polisi wa mji huo kueleza madhara yaliyoyapata magari zaidi ya 3,000, maana baadhi ya waliopiga simu walikuwa wenye gereji na wenye viwanja vya kuegesha magari, nao walihesabu yote waliyokuwa nayo.

Hapo dhana zikazagaa. Wako waliosema kuwa ni mayai ya viroboto wa mchangani yaliyotagwa katika kioo na sasa yanaanguliwa. Wako walioutuhumu mtambo mkubwa wa redio uliojengwa na jeshi la majini huko Jim Creek, kwamba mawimbi yake yanavitikisa vioo hata vinameguka. Na wengi wengine, wakikumbuka kuwa tarehe 1 Machi ya mwaka ule ule serikali yao ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini katika visiwa vya Marshall, waliona kuwa majivu ya bomu lile yamevuka bahari na kuwashukia wao. Watu waliyafunika magari yao kwa magazeti na kwa mazulia ya kufutia miguu. Meya wa mji, Allan Pomeroy, akatangaza tarehe 15 kuwa jambo hili limepita uwezo wa polisi, akapeleka maombi ya msaada kwa gavana wa jimbo na kwa Rais Eisenhower mwenyewe. Kisha taharuki ikakatika ghafla kuliko ilivyoanza: tarehe 16 simu zilikuwa 46, tarehe 17 zikawa 10, na tarehe 18 haikupigwa hata moja.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington waliotakiwa na gavana wavichunguze vioo hivyo walikuta kuwa vijitundu vile ni athari za kawaida za safari, yaani kokoto na mchanga unaorushwa na matairi ya gari lililotangulia, na kuwa zile chembe nyeusi zilizookotwa juu ya magari na kuogopwa kuwa ni vumbi la bomu zilikuwa ni masizi ya makaa ya mawe yasiyoungua sawasawa. Magari makuukuu yalikuwa na vidonda vingi kuliko mapya, jambo ambalo lingetazamiwa na mtu yeyote aliyetulia. Mabingwa wawili wa elimu ya jamii, Nahum Medalia na Otto Larsen, walikichungua kisa hicho na kutoa makala yao mwaka 1958, nao walikihesabu kuwa ni dhana ya uongo iliyowashika watu wengi kwa pamoja.

Mimi siwacheki watu wa Seattle. Khofu yao ya bomu ilikuwa na asili ya kweli, kwani majivu ya mlipuko ule wa Bikini yaliwaangukia wavuvi wa Kijapani baharini na kuwatia ugonjwa, na gazeti lililoandika habari za wavuvi hao lilisomwa Seattle kama lilivyosomwa kwingine. Kosa lao lilikuwa dogo zaidi na la watu wote: kwa miaka waliyoendesha magari walikuwa wakitazama ng'ambo ya kioo bila ya kukitazama kioo chenyewe, na siku walipoinama kukitazama waliona makovu ya safari zao zote kwa mara moja, wakadhani yamefanywa usiku uliopita. Kila fundi wa vioo amemwona mteja wa namna hiyo, aapaye kuwa mkwaruzo ulioko mbele ya usukani haukuwako jana, ilhali kingo zake zimekwisha kujaa uchafu wa misimu miwili.

Asili ya kioo cha mbele chenyewe ni ya karibu sana. Magari ya kwanza hayakuwa na kioo cha mbele. Mwendo wake ulikuwa wa pole, na aliyeyaendesha alijikinga na vumbi kwa miwani mikubwa, kofia na koti refu. Mwendo ulipozidi, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, wenye mali walianza kununua, kwa bei ya ziada, kioo bapa kilichotiwa katika fremu ya shaba na kusimamishwa mbele yao, nacho kilikuwa kioo kile kile cha madirisha ya nyumba, ambacho kikivunjika huwa vipande virefu vyenye makali ya jambia. Hivyo kitu kilichowekwa ili kulinda macho kilikuwa cha kwanza kukata shingo siku ya ajali, na katika miaka ile majeraha ya kioo yalikuwa ni sehemu kubwa ya kazi ya tabibu aliyeitwa kuwahudumia watu waliogongana barabarani.

Mkwaruzo nao una asili yake. Mwanamke wa Alabama, Mary Anderson, alipokuwa akisafiri kwa tramu mjini New York wakati wa baridi, alimwona dereva akilazimika kufungua kioo na kupigwa na theluji usoni ili apate kuona njia. Akabuni mkono wenye ukingo wa mpira, uzungushwao kwa mpini kutoka ndani, wa kufutia kioo kwa nje, na tarehe 10 Novemba 1903 akapewa hataza yake. Hakupata faida yoyote kwa kazi ile, kwani waliotakiwa kuinunua waliona haina thamani ya biashara, na hataza ikaisha muda wake kabla kifaa hicho hakijaenea. Waipa ikawa baadaye chombo cha lazima katika kila gari. Lakini mpira ule ule ufutao mvua, ukikaa juani hata ukakauka na kupasuka, au ukiburuzwa juu ya kioo kikavu chenye mchanga, huchora upinde mweupe ambao mchana hauonekani na usiku, taa za gari lijalo zinapoupiga, hutawanya nuru yote mbele ya macho ya dereva. Nina yakini kuwa waipa zimekwaruza vioo vingi zaidi kuliko mawe yote ya barabarani, na aghalabu mwenye gari huwa amezibonyeza mwenyewe, wakati wa kiangazi, akitaka kuondoa vumbi bila ya kumwaga maji.

Dawa ya makali ya kioo ilipatikana kwa nasibu, kama alivyosimulia mwenyewe aliyeivumbua. Edouard Benedictus, Mfaransa aliyekuwa mwanakemia na pia msanii wa nakshi, aliangusha chupa katika maabara yake mwaka 1903, na chupa ile ikapasuka nyufa tele lakini isisambaratike. Alipoichungua akaona kuwa ndani yake palikauka dawa ya selulosi, ikaacha utando mwembamba uliovishika vipande vyote mahali pake. Aliposoma baadaye habari za watu waliokatwa kwa vioo katika ajali za magari mjini Paris, akakumbuka chupa yake, na mwaka 1909 akapata hataza ya kioo cha tabaka tatu, ndiyo sababu ya kukiita Triplex: kioo, utando, kioo. Mwingereza John Crewe Wood alikwisha kutangulia mwaka 1905 kwa kuunganisha vioo viwili kwa utomvu wa mti uitwao balsamu ya Kanada, ambao mafundi wa lenzi walikuwa wakiutumia tangu zamani kwa kuwa ukikauka hupitisha nuru karibu sawasawa na kioo. Lakini kazi yake haikushika soko. Kumbuka utomvu huo, kwani maana yake itarudi katika habari ya tiba.

Wenye viwanda vya magari hawakukikimbilia kioo hicho, kwa kuwa kilikuwa ghali. Kilichokifungulia njia ni vita: katika Vita Kuu ya Kwanza vioo vya macho vya barakoa za kujikinga na gesi vilifanywa kwa tabaka tatu, na baada ya vita maarifa yale yakabaki yakitafuta kazi. Mwaka 1927 Henry Ford alipoitoa gari yake mpya, Model A, aliitia kioo cha mbele cha tabaka kwa kila mnunuzi, si kwa mwenye kuongeza fedha peke yake, na kutoka hapo wengine hawakuwa na udhuru. Hata hivyo utando wa kwanza ulikuwa na aibu yake: jua liliugeuza rangi ya manjano, kisha ya kahawia, hata kioo cha gari la miaka michache kikawa kama cha taa ya koroboi iliyosahauliwa kusafishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mahali pa selulosi pakachukuliwa na plastiki iitwayo polivinili butirali, isiyogeuka rangi na inayonyumbuka bila ya kukatika, nayo ndiyo tuliyo nayo hata leo; na mwaka 1966 viwanda vya Marekani vikauongeza unene wake maradufu, kutoka milimita 0.38 hadi 0.76, ili kichwa cha mtu kikikipiga kioo kisitokee upande wa pili.

Lakini Ulaya, na kwa hiyo katika nchi zetu zilizoletewa magari ya Uingereza na Ufaransa, palikuwa na ukoo wa pili wa kioo, ambao wazee wa gereji wanaukumbuka vizuri zaidi. Mwaka 1874 Mfaransa de la Bastie alionyesha kuwa kioo kilichopashwa moto sana kisha kikatumbukizwa katika mafuta huwa na nguvu mara kadhaa kuliko cha kawaida. Viwanda vya magari vilifanya kazi hiyo kwa upepo badala ya mafuta: kioo hupashwa hata kipite digrii 600, kisha hupulizwa kwa ghafla pande zote mbili, ngozi ya nje ikaganda kwanza na moyo wa ndani ukaganda baadaye, hivyo nje ikabaki imebanwa na ndani ikabaki imevutwa. Kioo cha namna hiyo hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kutoka tanuruni, na hakina ufa mdogo: kikistahimili, kimestahimili; kikishindwa, jiwe dogo likipenya ngozi ile, kioo chote hugeuka papo hapo kuwa maelfu ya vipande vya ukubwa wa punje za mahindi, vyeupe, visivyopenyeka kwa macho, ilhali gari liko katika mwendo. Madereva walifundishana kupiga ngumi mbele yao ili watoboe tundu la kuonea njia. Baadaye viwanda vilianza kuacha mbele ya dereva eneo lililopozwa kwa namna nyingine, ambalo likivunjika hutoa vipande vikubwa zaidi vya kuonea. Ilikuwa hisani ndogo, lakini wengi iliwafikisha kando ya barabara salama.

Barabara za changarawe za Afrika Mashariki zilikuwa mtihani mkali kwa vioo hivyo. Mwaka 1953 mashindano ya magari yaliyoanzishwa kwa ajili ya kutawazwa Malkia Elizabeth yalipopita Kenya, Uganda na Tanganyika, nayo ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari Rally, njia zilikuwa za vumbi na mawe takriban zote, na katika miaka iliyofuata watu wa Ulaya walijifunza kuyaogopa mawe yaliyorushwa na mshindani wa mbele kadiri walivyouogopa utelezi. Dereva wa kawaida wa lori au wa Peugeot ya abiria hakuwa na gari la msaada nyuma yake. Kioo kilipovunjika kati ya Dodoma na Iringa aliondoa vipande, akafagia vilivyojaa katika dashibodi, akawaambia abiria wajifunike kanga na leso, akaendelea kwa mwendo wa pole hadi mjini, macho yamemwiva. Aliyekuwa na Land Rover alikuwa na nafuu, maana Land Rover za kwanza, zilizotoka 1948, zilikuwa na vioo bapa katika fremu iliyoweza kulazwa juu ya boneti. Na kioo bapa cha tabaka, tofauti na kile cha kupashwa moto, fundi yeyote mwenye mkono mzuri huweza kukikata kwa kipimo, akikichora nje na ndani, akakivunja kwa mstari, kisha akaupitisha wembe katika utando. Vioo vya kupinda ndivyo vilivyomnyang'anya fundi wa mtaani kazi hiyo, kwa sababu havipatikani ila viwandani. Chrysler ilikwisha kutia kioo cha kupinda cha kipande kimoja katika Imperial yake ya 1934, na baada ya Vita vya Pili mtindo huo ukaenea kila mahali.

Ikambakia kazi ya kubadilisha, nayo ni sanaa inayostahili kuandikwa kabla haijasahauliwa. Kioo cha zamani kilishikwa na mpira mzito uliokizunguka wote, wenye mifereji miwili, mmoja wa kukiuma kioo na mwingine wa kuuma ukingo wa bati la gari. Fundi aliuvika mpira juu ya kioo kipya kwanza, kisha akachukua kamba nyembamba yenye nguvu, akaizungusha yote katika mfereji wa nje, ncha zake mbili zikapishana chini katikati. Akaupaka mpira maji ya sabuni, na wawili wakakinyanyua kioo na kukiegemeza mahali pake, ncha za kamba zikiwa ndani ya gari. Msaidizi alibaki nje akikandamiza kwa viganja, asipige kamwe, na fundi ndani alianza kuivuta kamba polepole, huku na huku, na kila alipoivuta mdomo wa mpira ulinyanyuka ukavuka ukingo wa bati na kulala upande wa pili, hata kamba yote ikatoka na kioo kikawa kimekaa. Mwisho aliingiza utepe wa kukazia katika mpira kwa nje. Fundi hodari alimaliza kabla ya chai kupoa. Asiye hodari alivuta kamba kwa haraka, kona ya juu ikalia, na mteja akalipia kioo cha pili au wakagombana.

Kwa muda wote huo hakuna aliyetibu kioo. Palikuwa na kuvumilia au kubadilisha. Tiba ilipatikana Marekani, ambako kioo cha tabaka kilikuwa kimetawala, na haikuweza kupatikana penginepo, kwa kuwa kioo cha kupashwa moto hakina mgonjwa bali maiti. Jiwe likikipiga kioo cha tabaka huvunja bamba la nje peke yake. Utando na bamba la ndani hubaki wazima, na jeraha lenyewe ni pango dogo lililojaa hewa. Tunaliona kwa sababu nuru hupinda inapotoka katika kioo kuingia hewani na inaporudi tena katika kioo. Hewa ikiondolewa na mahali pake pakajazwa kitu kinachoipinda nuru kama kioo kinavyoipinda, jicho halioni mpaka tena. Hayo ndiyo waliyoyajua mafundi wa lenzi na balsamu yao. Mwaka 1972, huko Minneapolis, kampuni ya Novus ilianza kuifanya biashara kazi hiyo kwa resini, na kutoka hapo ikaenea duniani.

Anayeitazama kazi hiyo kwa karibu huona kuwa ni subira zaidi kuliko nguvu. Fundi hulichokoa jeraha kwa sindano na kuondoa vumbi la kioo. Husimamisha juu yake chombo chenye miguu ya kunata na bomba dogo katikati. Huvuta hewa kwanza, akangoja, kisha husukuma resini, akavuta tena, akasukuma tena, mpaka miale myeusi ya ufa ifutike mmoja baada ya mwingine. Huweka tone la mwisho na kulifunika kwa kipande cha plastiki, akaliwashia taa ya mionzi ya urujuanimno, au katika nchi yenye jua kama yetu akaligeuza gari kuelekea jua, na resini ikiwa ngumu huipara kwa wembe. Jeraha lililokaa muda mrefu, likaingiwa na maji na matope, halitibiki vizuri, na mwenye gari anayengoja mwisho wa mwezi ndiye anayeharibu kazi ya fundi.

Mkwaruzo ni maradhi mengine kabisa, na resini haina la kufanya hapo, kwa kuwa hapana pango la kujaza, bali ngozi iliyopungua. Njia ni kuipunguza na iliyobaki hata zilingane. Viwanda vya vioo vilifanya hivyo tangu enzi za Saint-Gobain, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1665, kwa kusugua mabamba kwa mchanga, kisha kwa unga mwekundu wa kutu ya chuma. Siku hizi unga unaotumika ni wa oksidi ya seriamu, ukichanganywa na maji na kusuguliwa kwa kitambaa kizito cha sufu kinachozungushwa na mashine. Fundi mwaminifu hupitisha ukucha wake juu ya mkwaruzo kabla ya kutaja bei. Ukucha ukiteleza, atasugua, akimwagia maji kila mara ili kioo kisipate joto likakipasua. Ukucha ukikwama, atamwambia mwenyewe kuwa akichimba hata kuufikia mwisho wa mkwaruzo ataacha bonde, na bonde lile litaipindisha sura ya barabara mbele ya macho ya dereva, jambo ambalo ni hatari kuliko mkwaruzo wenyewe. Wapo wanaosugua tu. Mteja hufurahi mchana ule, na usiku huona taa mbili mahali pa moja.

Magari yaliyokwisha kutumika Japani, ambayo ndiyo yanayojaza barabara zetu, hayana mpira wala kamba. Kioo chake kimegandishwa katika bati kwa gundi ya poliyurethani, nacho kimekuwa ni kiungo cha mwili wa gari: husaidia kulishikilia paa likipinduka, na mfuko wa hewa wa abiria wa mbele hukiegemea unapofumuka. Kukitoa, mafundi wawili huupenyeza waya katika gundi, mmoja akakaa ndani na mwingine nje, wakavutana kwa zamu mpaka wauzunguke ukingo wote. Katika mitaa ya spea, kama vile Gerezani mjini Dar es Salaam au Kirinyaga Road mjini Nairobi, tofauti kati ya fundi na mbabaishaji inaonekana hapo: wa kwanza hulisafisha bati, hulipaka dawa nyeusi ya kushikisha gundi, na humkataza mteja kuondoka kabla ya saa alizoandika mwenye gundi, wa pili hukamua silikoni ya kuzibia mabomba ya chooni, na gari huondoka papo hapo.

Kazi ikiisha, mwenye gari husukuma gari lake hatua chache hadi kwa kijana mwingine mwenye karatasi iliyotobolewa tarakimu na dawa ya kuungulia kioo, ili namba ya usajili ichorwe katika pembe ya kioo kile kipya, kwa kuwa vioo huibwa, na mwizi hapati mnunuzi wa kioo chenye namba ya mtu. Mkwaruzo huo hulipiwa kwa hiari, na hakuna anayetaka ufutike.